"Give me" sawa, "explain me" kosa: kwani hapo kuna nini?

Swali la msomaji: Mwalimu shikamoo. Mi naandika imeili nyingi za kikazi kwa Kiingereza na nilikuwa najiona niko vizuri tu, sasa wiki iliyopita bosi mpya kanirudishia imeili yangu kaipaka rangi nyekundu sehemu tatu: "Please explain me the changes", "Kindly suggest me a date" na "I was explained the procedure". Lakini kwenye imeili hiyohiyo nilikuwa nimeandika "send me the file" na "tell me the price" na hizo hakuzigusa. Sasa kanuni ni ipi hapa? Maana kwa Kiswahili zote naona ni kitu kimoja, nitumie, niambie, nielezee, nipendekezee. Au ndo ya kukariri tu?

Jibu:

Marahaba ndugu yangu. Pole na hizo rangi nyekundu, ila nikwambie tu huyo bosi yuko sahihi zote tatu na wala hajakuonea. Na la kukariri lipo, siwezi kukudanganya, ila ni dogo kuliko unavyodhani, sehemu kubwa ina sababu zake na ukishaziona utaanza kujisahihisha mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma.

Jibu lenyewe umelibeba kwenye swali lako. Umeandika nitumie, niambie, nielezee, nipendekezee, hebu viangalie mkiani hivyo vitenzi, vyote vina ile -ia au -ea ya kutendea. Kwa sisi hiyo -ia ni ufunguo malaya (samahani kwa jina, ndivyo mafundi wanavyouita), unafungua kila mlango. Tuma unapata tumia, pika unapata pikia, fua unapata fulia, na hata vitenzi ambavyo havina kupeana chochote ndani yake vinakubali, ndo maana tunasema mtoto kanililia, mvua imeninyeshea. Ukishaibandika hiyo -ia basi mtu anapata haki ya kukaa kwenye kitenzi kama shamirisho (yule anayefikiwa na tendo), hakuna anayekuuliza kibali.

Kiingereza hakina huo ufunguo. Chenyewe kina nafasi mbili baada ya kitenzi, ya kwanza ya mtu na ya pili ya kitu, "give me money", na hiyo nafasi ya mtu haigawiwi kwa kila kitenzi. Kuna vilivyopewa na kuna vilivyonyimwa. Vilivyonyimwa vinapita mlango wa nyuma, kitu kinatangulia halafu mtu anakuja amebebwa na "to" au "for". Vilivyopewa vingi vinatumia milango yote miwili: "send me the file" na "send the file to me", zote safi.

Na hapo hapo kuna kosa ambalo hukuliuliza ila nalikuta sana, watu wanachanganya milango yote miwili kwa wakati mmoja wanaandika "he gave to me the book". Mtu akitangulia, "to" inaondoka. Akija nyuma, "to" inarudi. Utaikuta "to" mbele pale tu ambapo hicho kitu ni kirefu mno mpaka kinasukumwa mwisho, mfano "he gave to his sister everything their father had left behind", ila kwa kitu kifupi kama "the book" usijaribu.

Sasa tuje kwenye nani kapewa nafasi na nani kanyimwa, maana hapa ndo penye utamu.

Nitakupa sentensi moja ya Kiswahili uiangalie kwa karibu: "nimekuibia kalamu." Ukimwambia mtu hivyo anajua kalamu yake imeondoka. Sasa geuza kwa Kiingereza neno kwa neno kwa mtindo wa nafasi mbili, "I stole you a pen." Mwingereza akisikia hiyo anatabasamu, anajua umeenda kuiba kalamu mahali kwa ajili yake na sasa hivi unamkabidhi! Maana imepinduka kabisa, yaani aliyeibiwa kageuka kuwa aliyeletewa. Ukitaka kusema ile ya Kiswahili inabidi useme "I stole a pen from you", ndo umekiri.

Umeona kilichotokea? Ile nafasi ya mtu kwenye Kiingereza siyo tupu, ina maana yake yenyewe, inasema huyu mtu ndo anaishia kuwa na kitu. Kimfikie mkononi, au masikioni, au machoni, au hata akilini, lakini lazima kimfikie au kiwe kimekusudiwa kumfikia. Give, send, lend, pass, sell, pay, kitu kinahama kinaenda kwake. Tell, teach, show, read, kinachohama ni habari au picha. Promise, offer, owe, bado hakijafika lakini kiko njiani au kinadaiwa. Wakati -ia yetu haijali hayo, inasema tu kwamba hili jambo linamgusa huyu mtu, liwe la heri liwe la shari, kapikiwa, kaibiwa, kaliliwa, kanyeshewa.

Kwa hiyo mtihani wa kwanza kabla hujaandika ni huu, jiulize mwishoni huyu mtu atakuwa na nini mkononi. Nifungulie mlango: mlango haubaki mkononi mwangu, kwa hiyo "open me the door" hapana, sema "open the door for me". Nishikie begi: begi unalo wewe, tena ndo maana nimekuomba, kwa hiyo "hold the bag for me". Nifulie nguo, "wash the clothes for me". Lakini nipikie chai? Chai inakuja kwangu, "make me some tea" inapita bila shida. Nitafutie kiti, "find me a chair", kiti nitakikalia mimi, inapita. Umeona vyote ni -ia kwetu lakini kule vimegawanyika.

Hii pia ndo inaeleza kwa nini "I sent the letter to London" ni sawa ila "I sent London the letter" inasikika kama London ni mtu. Mji haupokei barua, mji ni mahali tu. Ukiisema hivyo na ikaeleweka ujue watu wameichukulia London kama ofisi ya kule, yaani kuna watu wa kuipokea.

Tukiwa bado hapo, suala la "to" na "for" likuishie kichwani haraka: kama kitu unacho tayari na unakihamisha tu, ni "to". Kama kwanza inabidi ukipate au ukitengeneze ndo kimfikie, ni "for". Nimekununulia simu, "I bought you a phone", ukigeuza inakuwa "I bought a phone for you", kamwe siyo "to you". Vivyo hivyo make, cook, get, find, build. "Bring" yenyewe iko katikati inakubali zote mbili.

Ila angalia Kiswahili kinavyotuficha kitu hapa. "Nilimwandikia bibi barua." Hiyo ina maana mbili na wala hatushtuki, ama bibi ndo aliyepelekewa barua, ama bibi haoni vizuri nikamwandikia yeye barua ya kupeleka kwa mtu mwingine. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "I wrote my grandmother a letter", bibi ndo mpokeaji. "I wrote a letter for my grandmother", mara nyingi bibi ndo mwenye barua na mimi mkono tu. Nilishawahi kutafsiri maelezo ya mtu kuhusu mkataba nikaweka "to" mahali pa "for", aliyeandikiwa kwa niaba kageuka kuwa aliyetumiwa, ikabidi karatasi nzima irudiwe. Vineno vidogo hivi vina hasira.

Haya, explain na suggest sasa. Utaniuliza, mbona nikikuelezea kitu kinakufikia akilini sawa tu na nikikwambia, kwa nini tell kapewa na explain kanyimwa? Swali zuri, na hapa maana peke yake haitoshi, inabidi tuangalie ukoo wa maneno.

Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya kuonyesha nani anapewa na nini kinatolewa, kama lugha nyingi za ukoo wake, na umbo la "him" unaloliona leo ndilo lililokuwa la mpewaji. Viambishi vingi vikafa taratibu, ila vitenzi vya nyumbani kama give, send, tell, show, lend vikabaki na mazoea yao ya kuweka mtu na kitu pamoja. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yakaanza kumiminika, na karne zilizofuata wasomi wakaongeza mengine moja kwa moja kutoka Kilatini. Hao wageni wengi hawakupewa funguo za nyumba. Explain, describe, suggest, announce, donate, introduce, return, demonstrate, wote wana damu ya Kilatini na wote wanasema kitu kwanza halafu "to" mtu. Linganisha give na donate, maana karibu moja, lakini "give them money" ndiyo, "donate them money" hapana, ni "donate money to them".

Sasa mzungumzaji wa kawaida hajui historia hiyo, mtoto wa kule hajui Kilatini ni nini lakini taratibu anakuja kujua kwamba hivi vinapita na hivi havipiti. Watafiti wengi wanaona kinachomsaidia ni sauti. Vitenzi vya nyumbani ni vifupi, silabi moja, au kama ni mbili basi mkazo uko mwanzoni. Wageni wengi mkazo wao uko mwishoni, ex-PLAIN, sug-GEST, de-SCRIBE, an-NOUNCE. Na ndo maana kuna wageni waliojichanganya vizuri wakapewa uraia, pay ina asili ya Kifaransa lakini ni silabi moja, offer na promise zina mkazo mwanzoni, zote zinapita: "pay me the balance", "offer her the job", "promise me one thing". Siyo sheria isiyovunjwa lakini, award na assign zina mkazo mwishoni na bado tunasema "they awarded her a prize", hizo ndo za kukariri nilizokuahidi.

Na cha kufurahisha ni kwamba mlango haujafungwa kwa maneno mapya. Email, text, fax, vyote vimeingia juzi juzi tu na vikapewa nafasi siku hiyohiyo, "text me the address", "email me the form". Ni vifupi na vinahamisha kitu, basi vikapita. Lakini whisper, ambayo ni ya nyumbani tangu kale, haisemwi "whisper me the secret", kwa sababu yenyewe inaeleza sauti ilivyotoka na siyo habari ilivyofika, ndo hivyohivyo na shout na mumble. Kwa hiyo ukiona kitenzi kinaeleza namna ya kutoa sauti, tumia "to".

Hata say, jamani. Say ni fupi ya nyumbani kabisa lakini "he said me" ni kosa, ni "he said to me" au "he told me". Hapo Kiswahili kingekusaidia ukikisikiliza, kwa sababu na sisi tuna sema na ambia. Hatusemi "alinisema jina lake", ukisema alinisema watu watadhani alikusengenya au alikugombeza.

Kuna kitu kingine kinachofanya sikio lako likudanganye kwenye explain. Utawasikia wenyewe wanasema "explain to me why you left". Hapo "to me" imetangulia, siyo? Ndiyo, kwa sababu "why you left" ni kifungu kizima na Kiingereza kinapenda mizigo mirefu ikae mwishoni. Sasa hiyo "to" kwenye mazungumzo ya haraka inamezwa kidogo, sikio linabaki na "explain me why", na kesho unaandika hivyo. "To" ipo, isikilize vizuri.

Suggest ndo imeenea zaidi mtandaoni, "please suggest me a good laptop" nimeiona mara zisizohesabika. Dawa yake rahisi kuliko zote ni kumtoa huyo mtu kabisa: "Could you suggest a date?" inajulikana unapendekezewa wewe, hamna haja ya kujitaja. Recommend iko kwenye vita, "recommend me a book" utaisikia mpaka kwa wenye lugha yao, ila kwenye imeili ya kikazi mi nisingeitumia.

Halafu kuna kundi la provide na supply ambalo maofisini ni chakula cha kila siku. Hivi vina tabia ya tatu, mtu anatangulia lakini kitu kinakuja na "with": "provide us with the details". Au kitu kwanza, "provide the details to us". Wamarekani wengine wanaiacha hiyo "with", wewe iweke tu, hakuna atakayekupaka rangi.

"I was explained the procedure" sasa. Hiyo ni mtoto wa kosa lilelile. Kauli ya kutendwa inamchukua yule aliyekaa kwenye nafasi ya shamirisho inampandisha mbele. "They gave me a key" ina "me" kwenye nafasi, basi "I was given a key" ni halali. "They told me", basi "I was told". Lakini kwa kuwa "they explained me" haipo, hakuna wa kumpandisha, na anayepanda ni utaratibu wenyewe: "The procedure was explained to me." Kwetu nilielezwa utaratibu ni sawa kabisa kwa hiyo siyo ujinga wako, ni Kiswahili kinakuvuta shati. Kuna kitu wao wanaweza na sisi hatuwezi lakini, wao wanasema "I was given the key" na pia "the key was given to me", sisi nilipewa ufunguo ni sawa ila ufunguo ulipewa mimi, hapo hata jirani atacheka.

Naomba nikuonye na kingine kabla hakijakupata. Kiswahili kinaruhusu kuishia na mtu tu: nipe, nitumie. Kitu tunakielewa kutokana na mazungumzo. Kiingereza ukimwambia mtu "send me" peke yake umesema nitume mimi niende, ndo ile ya Isaya 6:8, mimi hapa, nitume mimi. Sema "send it to me". "Tell me" na "show me" zinakubali kubaki peke yake, lakini give, send, lend zinataka kitu kitajwe hata kama ni "it" tu. Na kitu kikiwa ni "it", kitangulize, "give it to me", maana "give me it" inakwama kidogo masikioni ingawa siyo kosa, na kaskazini ya Uingereza kuna wanaosema "give it me" bila "to" yoyote, hao waache walivyo.

Azima pia inatuangusha wengi. Sisi niazime kalamu inatosha, neno moja linakwenda pande zote. Wao wana mawili, lend ni ya anayetoa na borrow ni ya anayechukua, na nafasi ya mtu kapewa lend peke yake. "Borrow me your pen" inabidi iwe "lend me your pen" au "can I borrow your pen".

Upande wa pili kuna misemo ambayo inakataa "to" hata ukiilazimisha. "The noise gave me a headache", hakuna anayesema "gave a headache to me", kwa sababu kichwa kuuma siyo mzigo uliotoka kwa kelele ukahamia kwangu, umezaliwa kwangu hapohapo. Vilevile "she gave the door a kick", kwetu kaupiga mlango teke, usiseme "a kick to the door". Na cost haina mlango wa nyuma kabisa, ni "it cost me two days" tu.

Sasa pale milango yote miwili inapokubalika uchague upi? Hapa mi nadhani walimu wengi tunawadanganya wanafunzi kwamba ni sawasawa tu. Mwaka 2007 mwanaisimu Joan Bresnan na wenzake watatu walichapisha kazi waliyochambua mazungumzo ya simu ya Wamarekani, na kwa kuangalia tu mambo kama kipi kimeshatajwa, kipi ni kiwakilishi, kipi ni kirefu, waliweza kubashiri umbo ambalo msemaji alilichagua kwa usahihi wa asilimia 94 hivi. Yaani watu hawachagui ovyo. Kilichotajwa na kifupi kinatangulia, kipya na kirefu kinakaa mwisho. Bosi akiuliza faili liko wapi, jibu "I sent it to the auditors who came on Monday". Akiuliza wakaguzi umewapa nini, "I gave them the file and a copy of the contract". Ukigeuza hizo mbili hazitakuwa kosa la sarufi, zitachechemea tu.

Imeili yako basi ingekuwa hivi: "Please explain the changes to me. Could you suggest a date? The procedure was explained to me." Na hiyo "kindly" nimeitoa kwa makusudi, wewe uliiweka kwa heshima lakini kuna wanaoisoma kama amri, ila hilo niulize siku nyingine maana nalo lina kesi yake.